Historia ya Kioo cha Upepo katika Pikipiki

Mwaka 1885, katika mji wa Cannstatt nchini Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliunda chombo cha mbao chenye magurudumu mawili makubwa na mawili madogo ya kuegemeza ubavuni, wakakitia injini ya petroli chini ya kiti. Mwendo wake ulikuwa kilometa 12 kwa saa au karibu ya hapo. Kijana mwenye afya njema akitimua mbio angalikipita, na upepo uliompiga usoni aliyekipanda haukuwa mkali kuliko ule umpigao mtu ateremkaye kilima kwa baiskeli. Basi hapana ajabu kwamba waundaji wale hawakufikiri juu ya upepo. Ajabu ni kwamba waliowafuata, ambao pikipiki zao zilikwenda mara nne, mara nane, na mwisho zaidi ya mara kumi ya mwendo huo, isipokuwa wachache, waliendelea kutoufikiri kwa muda wa miaka 90. Walitengeneza injini, wakatengeneza breki, wakatengeneza taa. Kazi ya kumkinga mtu na hewa walimwachia mnunuzi.

Kwa hiyo historia ya kioo cha upepo haikuandikwa sana katika vitabu vya viwanda. Sehemu yake kubwa iko katika maduka madogo ya vifaa, katika mabanda ya mafundi, na katika maungo ya watu waliokinunua kioo baada ya kununua chombo, wakakichagua wenyewe, wakakifunga wenyewe, na wakayapokea wenyewe matokeo ya uchaguzi wao, mema na mabaya.

Upepo una hesabu yake, na hesabu hiyo haina huruma. Mwendo ukizidi mara mbili, msukumo wa hewa huzidi mara nne. Mwendo ukizidi mara tatu, msukumo huzidi mara tisa. Mtu aliyeketi wima juu ya pikipiki iendayo kilometa 100 kwa saa, akiukabili upepo kwa eneo la nusu mita mraba, husukumwa nyuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 20 na ushei. Mzigo huo hubebwa na mikono, mabega na shingo, wala hautuliki mpaka chombo kisimame. Baridi nayo hupanda juu yake. Kwa kanuni ya baridi ya upepo itumikayo Marekani na Kanada tangu mwaka 2001, hewa ya digrii sifuri ikimpiga mtu kwa kasi hiyo huhisiwa na ngozi iliyo wazi kama digrii 11 hivi chini ya sifuri. Vidole vilivyokufa ganzi havikamati breki kwa wakati, na jicho lililojaa machozi haliioni lori inayokata njia. Jambo lililo mezani, basi, si raha peke yake.

Wapandaji wa mwanzo walijitetea kwa mavazi. Walivaa makoti mazito ya ngozi, miwani mikubwa ya kufunga kichwani, na wengine walipanga magazeti kifuani chini ya koti, kwa kuwa karatasi huzuia hewa kuliko sufu. Waliotaka kinga iliyo mbele ya mwili walikuwa na vitu viwili vya kuchagua, na vyote viwili vilikuwa na ila. Kioo cha kawaida kilikuwa kizito, na kilipopasuka kiligeuka visu mbele ya uso. Seluloidi ilikuwa nyepesi na ilipindika bila kuvunjika, lakini ilishika rangi ya manjano kwa jua, ilikwaruzwa na kila kitambaa chenye vumbi, na iliwaka moto upesi. Kuiweka mbele ya kifua, juu ya tangi la petroli, ilikuwa ni kuchagua hofu moja badala ya nyingine.

Dawa ilitoka katika maabara za kemia. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1930, wanakemia wa Röhm & Haas mjini Darmstadt na wenzao wa kampuni ya ICI nchini Uingereza walipata, kila kundi kwa njia yake, namna ya kutengeneza mabamba ya akriliki yaliyo maangavu kama maji ya chemchemi. Wajerumani waliyaita Plexiglas, Waingereza wakayaita Perspex. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, mabamba hayo yakawa madirisha ya ndege za kivita, miongoni mwake Spitfire. Vita vilifunza jambo ambalo hakuna aliyelitafuta: daktari wa macho Harold Ridley alitambua kwamba vibanzi vya Perspex vilivyoingia machoni mwa marubani havikuleta uvimbe uliotazamiwa, na mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, alianza kuwatilia wagonjwa wa mtoto wa jicho lenzi za akriliki. Ni nadra kwa kitu kimoja kuweza kukaa mbele ya jicho na ndani ya jicho.

Baada ya vita, kioo cha akriliki kikawa kitu cha kawaida katika maduka ya vifaa vya pikipiki ya Ulaya na Marekani. Umbo lake lilikuwa sahili: bamba lililopindwa kidogo, vyuma viwili au vinne vya kukishikia kwenye usukani, na chini yake pazia la ngozi au turubai la kufunika mikono na mapaja. Polisi walikifunga, wachukuzi wa barua walikifunga, na watu wa makamo wenye safari ndefu walikifunga. Vijana wengi walikidharau. Kwao pikipiki ilikuwa chombo cha kuonja upepo, na mwenye kujificha nyuma ya kioo alifananishwa na mzee aliyejitanda blanketi barazani. Dharau hiyo haikuwa ya kipuuzi kabisa, kwa sababu kioo cha siku zile kilikuwa kipana, kirefu, na kizito usukanini. Lakini yamkini ndiyo iliyovizuia viwanda kwa muda mrefu. Kiwanda huuza sura kwanza, na sura ya ujana haina kioo.

Wachache waliothubutu waliadhibiwa na soko. Kampuni ya Vincent ya Stevenage, Uingereza, ilitoa pikipiki zilizovikwa ganda na kioo kutoka kiwandani, Black Knight na Black Prince, zilizoonyeshwa mwaka 1954. Zilikuwa zimemtangulia mnunuzi wao. Mwisho wa mwaka 1955 kampuni hiyo iliacha kuunda pikipiki kabisa, kwa sababu za fedha zilizokuwa kubwa kuliko kioo. Walakini waliotazama kwa mbali walijifunza somo la woga.

Wakati huo huo viwanja vya mashindano vilikuwa vinafundisha somo jingine. Timu za mbio, na hasa Moto Guzzi ya Mandello del Lario nchini Italia iliyojijengea handaki lake la kupimia upepo, zilivika pikipiki zao magamba makubwa yaliyofunika mpaka gurudumu la mbele. Kasi iliongezeka sana. Lakini hewa haiji kutoka mbele tu. Upepo wa ubavuni ulipolipata ganda pana namna ile, chombo kiliyumba kama ngalawa iliyokutwa na tufani huku tanga limejaa, na mpandaji hakuwa na kamba ya kulegeza. Baada ya msimu wa mwaka 1957 shirikisho la kimataifa la pikipiki, FIM, liliyakataza magamba hayo. Kila atakayefunga kioo baadaye, hata kama hajasikia habari ya mashindano, atakutana na ukweli huu: chenye kukinga upepo ni tanga pia.

Mtu aliyeuelewa ukweli huo na kuufanyia biashara alikuwa Craig Vetter, Mmarekani aliyesomea usanifu katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1971 kampuni yake iliyokuwa Rantoul, Illinois, ilitoa ngao iliyoitwa Windjammer, jina lililotumika zamani kwa merikebu kubwa za matanga. Kiini cha ngao hiyo hakikuwa uzuri wake, ingawa ilipendeza. Kilikuwa ni mambo mawili. La kwanza, ilifungwa kwenye fremu, si kwenye usukani, hata uzito wake na msukumo wa hewa vikachukuliwa na kiwiliwili cha chombo badala ya mikono ya mpandaji. La pili, ngao ilikuwa moja, bali vyuma vya kuifunga vilikuwa mbalimbali, kila aina ya pikipiki na vyuma vyake. Mwenye Honda, mwenye BMW na mwenye Triumph waliweza kununua ngao ile ile, kila mmoja akaifunga kana kwamba ilizaliwa pamoja na chombo chake. Duka la vifaa lilifanya kazi ambayo viwanda vikubwa havikutaka kuifanya.

Ushahidi ulio wazi kabisa umo katika historia ya Honda Gold Wing. Pikipiki hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Cologne mwaka 1974. Ilikuwa na injini ya silinda nne ya sentimeta za ujazo 999, iliyopozwa kwa maji, na ilikusudiwa safari za mbali. Hata hivyo ilitoka kiwandani uchi, haina kioo wala ngao. Wamarekani waliinunua, wakaona walichopewa na walichonyimwa, wakaenda kwa watu kama Vetter. Katika barabara kuu za nchi ile, Gold Wing yenye Windjammer ikawa sura iliyozoeleka. Kiwanda kilihitaji miaka mitano kusoma ujumbe ulioandikwa wazi namna hiyo: mwaka 1980 Honda ilitoa Gold Wing iliyoitwa Interstate, yenye ngao na kioo na masanduku, vyote vya kiwanda. BMW ilikuwa imetangulia mwaka 1976 kwa R100RS, ambayo ngao yake ilisawazishwa katika handaki la upepo la Pininfarina nchini Italia. Vetter mwenyewe aliiuza kampuni yake mwaka 1978. Huenda hakujua ni kwa kiasi gani aliuza kwa wakati wake.

Hata viwanda vilipoipokea kazi hii, mnunuzi hakupumzishwa. Kiwanda hukata kioo kwa mtu wa kimo cha wastani, na mtu wa kimo cha wastani ni nadra kuonekana dukani. Mmoja ana kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, mwingine kinyume chake. Mmoja amebadilisha kiti kikashuka sentimeta nne. Kwa sababu hiyo biashara ya vioo vya kununua baadaye haikufa, na elimu ya kuvichagua iliendelea kupokezanwa kwa midomo.

Swali la kwanza katika elimu hiyo ni la urefu, na jibu lake humshangaza mgeni. Mtu hudhani kioo kizuri ni kile kilicho juu kuliko macho, naye atazame kupitia ndani yake. Wazoefu wengi husema kinyume: ukingo wa juu uishie karibu na usawa wa pua au mdomo, ili macho yapite juu yake. Hewa inayokatwa na ukingo hairuki wima. Hupanda kwa mteremko, ikapita juu ya helmeti. Kioo kilichozidi macho hugeuka adui usiku wa mvua, kwa kuwa matone, matope na wadudu hujikusanya juu yake, na taa za magari yajayo huwasha kila mkwaruzo. Gari lina vifuta mvua. Pikipiki kwa kawaida haina. Kioo cha rangi nyeusi hupendeza mchana dukani, lakini mwenye kulazimika kuona kupitia kwake saa mbili za usiku atajuta.

Kupungua sana nako kuna adhabu yake. Ukingo ukiishia usawa wa kifua, mkondo wa hewa ulioharakishwa humpiga mtu shingoni au kidevuni, na hapo kioo huwa kibaya kuliko kutokuwa na kioo. Tena iko shida ya nyuma ya kioo. Bamba likiisukuma hewa pembeni, huacha nyuma yake nafasi yenye kanieneo ndogo, na hewa ya pembeni na ya juu hurudi kwa vishindo kuijaza. Hutokea kisulisuli kidogo kisichoonekana, kikakishika kichwa cha mpandaji na kukitikisa upande huu na upande huu mpaka barabara ionekane maradufu. Watu wengi wamekilaumu kioo kuwa kifupi, wakanunua kirefu zaidi, na kisulisuli kikazidi nguvu. Mara nyingi dawa ni kuiruhusu hewa kiasi ipite chini ya kioo au katika tundu lake, ili nafasi ile ijae kwa upole. Wengine huchagua kioo chenye mdomo uliopinduliwa kidogo juu, ambao huitupa hewa mbali zaidi, hata kioo kifupi kikafanya kazi ya kirefu.

Kelele ni sura nyingine ya jambo hilo hilo. Katika mwendo wa barabara kuu, kelele ya upepo ndani ya helmeti hupita desibeli 90, na sehemu yake kubwa haitoki katika injini bali katika hewa yenye vurugu ikigonga ganda la helmeti. Nchi nyingi huwataka waajiri kulinda masikio ya mfanyakazi akaaye katika desibeli 85 kwa siku ya saa nane. Mpandaji hana mwajiri wa kumlinda na uchaguzi wake. Kioo kilichonunuliwa ili kitulize, kikiielekeza vurugu kwenye usawa wa masikio, huweza kumuuzia mtu uziwi kidogo kidogo, naye akashukuru kwamba kifua chake kina joto.

Swali la pili ni la kitu kilichotumika. Akriliki ni angavu na haikwaruziki upesi, lakini hupasuka ikipigwa na jiwe. Polikaboneti, iliyogunduliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa Bayer huko Ujerumani na kwa njia yake mwenyewe na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani, hustahimili mapigo yanayoivunja akriliki, bali uso wake ni laini na huhitaji kupakwa ngozi ngumu ya kukinga mikwaruzo. Petroli iliyomwagika huweza kuidhuru, na dawa za kusafishia madirisha zenye amonia huitia nyufa nyembamba kama nywele. Maji mengi, sabuni pole na kitambaa laini hutosha. Mtu aliyelipa bei ya polikaboneti kisha akaifuta kwa tambara kavu lenye vumbi amejinunulia ukungu.

Kufunga ndiko kunakomtenga fundi na mwenye haraka. Bamba la plastiki hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi kuliko chuma kilishikacho, kwa hiyo tundu lazima liwe pana kidogo kuliko skrubu, na kati ya chuma na bamba ziwepo washa za mpira. Skrubu hukazwa mpaka mpira ushike, basi. Anayeongeza nusu mzunguko kwa usalama huondoka na kioo kizima, na ufa huanza tunduni baada ya wiki, ukimngoja mtetemo wa barabara mbovu. Vyuma vikiisha kukaa, usukani hugeuzwa mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto, pikipiki ikiwa imesimama, kuangalia kama kioo kinagusa tangi, na kama nyaya za klachi na breki zinavutwa au kubanwa. Hatua hiyo huchukua dakika moja. Waliyoiruka wameigundua katika kona.

Kioo kifungwacho kwenye usukani huhitaji hadhari kuliko kile cha fremu, kwa sababu kila msukumo wa hewa huingia moja kwa moja katika uongozi wa chombo. Katika mwendo mdogo hausikiki. Katika mwendo mkubwa, au lori kubwa likipita kwa karibu, usukani huanza kucheza wenyewe. Afrika Mashariki jambo hili huonekana kwa umbo lake la wazi kabisa katika bodaboda zilizofungwa mwavuli mpana wenye plastiki angavu mbele. Dereva wake hana ujinga wowote: anashinda juani na mvuani kutwa nzima, abiria hupendelea kivuli, na mwendo wake mjini si wa kutisha. Lakini mwavuli ule ule ukitolewa mjini na kupelekwa barabara kuu yenye mabasi, huwa tanga lisilo na nahodha. Kifaa hakikubadilika, mwendo ndio uliobadilika, na hesabu ya mara nne ikaanza kudai.

Je, kioo huokoa maisha? Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Walikuta kwamba asilimia 73 ya wapandaji waliopata ajali hawakuwa na kinga yoyote ya macho, wakaona yaelekea kuwa upepo uliharibu kuona kwao na kuwachelewesha kuitambua hatari. Walikuta pia kwamba pikipiki zenye ngao na vioo zilikuwa chache katika ajali kuliko wingi wake barabarani. Mwuzaji wa vioo angaliishia hapo. Watafiti hawakuishia hapo: walieleza kwamba huenda sababu ni kuwa pikipiki yenye ngao huonekana zaidi na wenye magari, na kuwa wenye kuzifunga ni watu wenye uzoefu na mafunzo zaidi. Yaani kioo kilikuwa alama ya mtu mwenye hadhari kabla hakijawa kinga yake. Tofauti hiyo ni ndogo katika maandishi na kubwa katika maisha, kwa maana hadhari haiuzwi pamoja na skrubu nne.

Harley-Davidson nayo ina fungu lake katika kisa hiki. Mwaka 1969 iliiongezea Electra Glide ngao ya fibaglasi yenye umbo la popo aliyetanda mbawa, iliyofungwa ili igeuke pamoja na usukani. Ilipotaka utulivu zaidi katika mwendo, ilitoa Tour Glide ya mwaka 1980 yenye ngao ya fremu. Watu hata hivyo waliipenda ile ya popo, wakaivumilia tabia yake ya kutikisa vichwa. Kwa miaka mingi wenye pikipiki hizo walikwenda madukani kutafuta vioo vifupi, vioo virefu, vioo vyenye mdomo na vioo vyenye matundu, kila mmoja akijaribu kuiponya ngao yake. Katika pikipiki za mwaka 2014 kiwanda kilitoboa tundu la kupitisha hewa katika ngao hiyo, chini ya kioo, lenye kifuniko ambacho mpandaji hukifungua na kukifunga kwa kidole.